Valve Iliyogoma Kufunguka

Wadogo zangu mnaoanza ukunga, nimesikia mnasema kwamba Maman Nzigire amestaafu, sasa analima mboga ya lengalenga na kusengenya majirani. Ni kweli, na majirani hawa wananipa kazi ya kutosha. Lakini kabla sijaanza kusahau, nataka niwaeleze jambo moja ambalo kitabu chenu cha shule hakina, ingawa ni kinene kiasi cha kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ni habari ya mwanamke mjamzito mwenye moyo mgonjwa, na jinsi nilivyokaribia kumpoteza kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe mnalitumia kila siku.

Nianze na kuku, maana hofu yangu ilianzia kwake.

Nilipoingia kazini nilikuwa na kiburi cha mtu aliyepewa kipimo cha kusikilizia moyo kabla ya kujua kukitumia. Nilikivaa shingoni kama mkufu. Jumapili moja nilikwenda nacho hata misa, na padri akanitazama mara mbili nilipokuja kukomunika. Basi wiki hiyo hiyo aliletwa mama mmoja mzee kutoka upande wa Lwiro, homa tu. Nikamsikilizia moyo. Nikasikia sauti ya ajabu, kru, kru, kimya, kru. Sikuuliza mtu. Niliandika kwenye karatasi yake kwa herufi kubwa kwamba moyo unakoroma sana, nikamwita daktari, naye akaja mbio akiacha chai yake mezani. Msimamizi wetu, Maman Feza, mwanamke mwembamba ambaye hajawahi kukimbia maishani mwake, alifika wa mwisho. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa kikapu. Ndani mlikuwa na kuku mwekundu ambaye familia ilimleta kama zawadi ya daktari.

"Nzigire," akasema, "ile roho yenye kukoroma njo hii. Uipatie mahindi."

Mwaka mzima wakaniita Docteur wa Kuku. Hata mlinzi wa geti aliniita hivyo, na yeye hakuwepo.

Lakini Maman Feza hakunicheka tu, alinifundisha. Alisema, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto. Weka kipimo chini ya ziwa la kushoto, mwambie atoe pumzi na kutulia. Kisha nawe tulia. "Sikio haina haraka," alikuwa akisema, "haraka iko mu miguu." Moyo mzima unapiga mara mbili na kunyamaza. Moyo wenye mlango mwembamba haunyamazi vizuri, katikati yake kuna mngurumo wa chini, kama mashine ya kusaga mahindi ya mtaa wa pili. Ukiwa na haraka utausikia kama kimya. Mimi niliujua mngurumo huo, ila baada ya yule kuku niliogopa kuutaja. Ndivyo ilivyo, mtu akichekwa sana kwa kusema, hujifunza kunyamaza, na katika kazi yetu kunyamaza nako kunaua.

Miaka mingi baadaye, nywele zangu zimeanza kubadilika rangi, akaja Nsimire. Alikuwa binti wa kama miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza, miezi sita na kitu. Alikaa Cimpunda na mumewe na mama mkwe wake, na nyinyi mnakijua kile kilima. Nyumba zimekaliana mabegani, njia ni ngazi za udongo, na kopo la maji unalolijaza chini hufika juu nusu. Alisindikizwa na huyo mama mkwe, Maman Faida, ambaye ndiye aliyeleta malalamiko. Mgonjwa mwenyewe hakulalamika.

"Huyu mutoto amekuwa mupenda maneno," akaniambia Maman Faida. "Zamani alikuwa anapanda mbio. Sasa anasimamaga ku kila mulango, jambo maman, jambo papa, habari ya batoto. Namutuma maji, anarudi kisha saa nzima. Mutaa muzima banamusifu adabu, na miye nakosa maji."

Nikamwangalia Nsimire. Alikuwa anatabasamu, lakini mabega yake yalipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Unasalimia kweli?" nikamuuliza.

"Nasalimia," akasema, akavuta pumzi, "juu nipumzike," akavuta tena, "bila haya."

Hapo ndipo nawapa chombo ambacho hakiuzwi: hesabu maneno. Mwanamke mzima anaweza kukutukana sentensi nzima kwa pumzi moja. Akikatisha baada ya maneno mawili matatu, acha kumwambia kwamba mimba ni kazi. Mimi mwenyewe nilikwisha kumwambia hivyo mwezi uliotangulia, katika foleni ndefu, nikimpa vidonge vya damu na kumpigapiga mgongoni. Naona aibu hadi leo.

Safari hii nilimuuliza maswali ambayo Maman Feza alikuwa akiuliza. Analala na mito mingapi? Akasema yeye hulala ameketi, kwa sababu mumewe anakoroma, na akiketi anamsikia kidogo. Nikamwambia mume akikoroma tunamgeuza yeye, hatujigeuzi sisi. Akacheka, na kucheka kukageuka kikohozi. Je, utotoni aliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba? Maman Faida hakujua, lakini Nsimire alikumbuka: huko Katana alikokulia, akiwa darasa la nne, alibebwa mgongoni wiki mbili kwa sababu ya magoti, akapona, akarudi kucheza.

Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikaweka kipimo, nikasikiliza. Ile mashine ya mtaa wa pili ilikuwa inasaga.

Sitawaficha. Nilichungulia kwanza chini ya kitanda. Hapakuwa na kuku.

Siku hiyo hiyo daktari alimpima kwa ile mashine ya picha, akanionyesha kwenye kioo. Moyo una vyumba na milango. Ugonjwa ule wa koo na magoti huondoka magotini, lakini unaweza kuugusa mlango wa moyo, na mlango ukaendelea kukakamaa taratibu kwa miaka bila mtu kujua. Kisha inakuja mimba, damu inaongezeka, yote inataka kupita pale. Ni kama watu wanaotoka misa ya Pasaka wakati mlango mmoja tu umefunguliwa nusu. Wanaosukumana nyuma ni maji yanayojaa kwenye mapafu. Daktari akaandika dawa mbili, ya kupunguza mbio za moyo na ya kutoa maji, akasema zianze siku ile ile, apumzike, asibebe hata sufuria, na arudi baada ya juma.

Sasa nakuja kwenye kosa, na ni langu.

Mumewe alifika akitoka kazini. Aliitwa Balagizi, kijana nadhifu, suruali yenye mstari wa pasi. Alikuwa na ufunguo mdogo uliofungwa kiunoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa appariteur kwenye taasisi moja ya masomo mjini, yaani mtu wa kubandika matangazo na orodha za matokeo. Nyinyi mmesoma hapa, sina haja ya kuwaeleza kwamba ule ubao wenye kioo na kufuli, ambako majina ya waliofaulu na ya walioahirishwa, yaani walioanguka, hubandikwa, sisi tunauita valve. "Matokeo iko ku valve," mtu akisema hivyo, hata kilema anakimbia. Na mnajua pia, kwa kuwa mmelipa ada ya kujifunza hayo, kwamba milango ya moyo kwa Kifaransa inaitwa vilevile. Mimi nilijua maana zote mbili. Sikuzikutanisha.

Nsimire alikuwa amekaa ndani na mama mkwe wake, hatua kumi kutoka pale. Badala ya kumweleza yeye mwenye moyo, nilimsimamisha mume katika ukumbi, nimebeba beseni mkononi, nikamwambia, naapa ndivyo nilivyosema: "Papa, shida yote iko ku valve. Moja haifunguke muzuri. Kamata hii karatasi, fanya haraka."

Akaitika, "Ndiyo, maman, nimeelewa," kwa sauti ya mtu aliyeelewa hasa. Nikaenda zangu.

Siku ya nne asubuhi akanikuta nikipima watoto. Alikuwa anang'aa.

"Maman, ile valve nimetengeneza."

Nikafikiri wameombewa. Huku kwetu mtu akipona kabla ya dawa, kuna chumba cha maombi nyuma yake. "Nani amemuwekea mikono?" nikauliza.

"Miye mwenyewe. Nilileta mafuta na tournevis ya kukaza skrubu. Charnière ya chini, ile chuma inashika mulango, ilikuwa na kutu, njo maana ilikuwa inagoma. Sasa inafunguka hata na kidole."

Nikaweka mtoto wa watu chini taratibu.

"Balagizi. Umefungua nini?"

"Valve, maman. Ile ya ukumbi. Lakini docteur hajabandika liste. Siku tatu napita, jina ya bibi yangu haiko."

Nilimfuata ukumbini. Ubao wa hospitali yetu, ambao kioo chake kiligoma tangu mvua za mwaka wa juzi na sote tulizoea kukipiga ngumi, ulikuwa umesafishwa, umepakwa mafuta, unafunguka bila sauti. Kati ya ratiba ya zamu na tangazo la mwavuli uliopotea ilikuwepo karatasi ya dawa ya Nsimire, imenyooka sawasawa, imebandikwa kwa pini nne.

"Niliweka pale juu docteur aione mbio," akasema. Kisha akaona uso wangu. "Maman, si ulisema shida yote iko ku valve?"

Kila alichofanya kilikuwa na akili. Aliambiwa ubao haufunguki, na yeye ni fundi wa ubao. Akafikiri mkewe anangoja kuitwa kwenye orodha, na orodha imekwama kwa sababu ya kioo. Aliyekosa akili ni mimi. Nikamwambia, "Valve ni ya roho yake, baba. Mulango ya ndani ya roho. Na hizi njo dawa zake." Alisimama pale na ufunguo wake kiunoni. Akaichomoa ile karatasi, pini zikadondoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu huyu akiacha pini sakafuni.

Tulipanda Cimpunda pamoja. Yeye alipanda mbio, nami nikasimama kila mlango, jambo maman, jambo papa, kwa sababu hata mimi nilikuwa na miaka yangu.

Nsimire alikuwa ameketi kitandani, amejishika magoti, midomo imepauka. Nikamuuliza hali. "Maman," akasema. Pumzi. "Naona." Pumzi. Neno moja moja. Nilihesabu, nikaogopa. Tumboni mtoto alikuwa anacheza, lakini mama alikuwa anazama huku ameketi pale pale kitandani.

Majirani walikwisha kuleta machela ya miti na blanketi ili wamlaze na kumshusha barabarani. Hao ni watu wema, na wema wao ungemwua. Mtu aliyejaa maji kwenye mapafu humlazi chali. Nikasema nataka kiti, tena chenye mikono. Mtaa mzima kiti cha namna hiyo kilikuwa kimoja, cha sebuleni kwa Maman Faida, chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, ambacho padri peke yake ndiye aliyekikalia.

"Kile kiti haitoke mu nyumba," akasema Maman Faida.

Nikamwambia: "Maman Faida, ile adabu yote ya kusalimia mutaa, ilikuwa pumzi inamukosa."

 Akamtazama mkwewe, kisha akaingia, akakitoa kile kiti kwa mikono yake, akatandika kitambaa vizuri, akafunga leso kichwani. "Kama kiti inatoka," akasema, "na miye natoka nayo."

Basi tukashuka. Wanaume wanne wamebeba kiti, Nsimire juu kama mwami anayekwenda kutawazwa, Balagizi mbele akifungua njia na kupiga kelele za "pisha, pisha," na Maman Faida nyuma ameshika kona ya kitambaa kisiguse matope. Watu walitoka milangoni. Wote walimsalimia Nsimire kwa jina, na kwa mara ya kwanza hakujibu. Hapo mtaa ukaelewa kwamba ni mgonjwa.

Alikaa hospitali mpaka siku ya kujifungua, na kiti kilikaa naye. Nami kila dawa nilimweleza yeye mwenyewe, kisha nikasema, "Niambie umesikia nini." Shikeni hapo. Msiulize "umeelewa?" Kila mtu ameelewa. Balagizi alielewa kuliko wote.

Alijifungua asubuhi, mbele ya madaktari wawili, mgongo umeinuliwa kwa mito yote ya wodi. Mpango ulikuwa asisukume, daktari amvute mtoto kwa kile kikombe cha kunyonya hewa kinachoshika kichwa, moyo usichoke. Lakini Maman Faida alikuwa nyuma ya mlango, na amezaa tisa.

"Sukuma, binti yangu."

"Usisukume," nikasema mimi.

"Sukuma na nguvu."

"Nsimire, acha."

Nsimire akatugeuzia uso uliolowa jasho. "Sasa," pumzi, "nisikilize," pumzi, "nani?"

Mtoto akatoka, msichana, akalia kwa hasira. Huko nje wakaanza kuimba na kupiga makofi. Wadogo zangu, wakati wote wanapoimba, ninyi msiimbe. Kwa mama mwenye mlango mwembamba, hapo ndipo hatari inapovaa nguo zake nzuri. Damu iliyokuwa inakwenda kwa mtoto inarudi yote moyoni kwa mkupuo mmoja. Nikaona mishipa ya shingo inasimama. Nikasikia pumzi inachemka kama birika. Hakusema hata neno moja. Daktari akatoa sindano ya kutoa maji, tukamwinua zaidi, oksijeni puani. Nikamshika mkono na kumwomba Mungu bila mpangilio, nikichanganya Salamu Maria na kipimo cha dawa. Niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na niliona karatasi ile imebandikwa kwa pini nne, siku tatu, kwa sababu ya beseni nililokuwa na haraka nalo.

Mkojo ukaanza kutoka. Birika likapungua. Jua lilikuwa limefika dirisha la pili ndipo akafungua macho na kuomba chai. Maneno mawili. Baadaye akauliza mtoto anafanana na nani. Manne. Sikuondoka pale.

Alasiri Balagizi akaruhusiwa kuingia. Daktari alikuwa amempa karatasi mpya ya dawa, naye akasimama ameishika, macho yakizunguka ukutani kwa mazoea. Nsimire akamwona. Akasema, na nilihesabu kwa vidole:

"Balagizi kama unabandika tena karatasi yangu ku valve ya batu mbele ya kunipatia dawa nitakubandika weye mwenyewe na zile pini zako ine."

Maneno ishirini na mbili, pumzi moja. Nililia mbele ya wagonjwa, na sikujificha.

Mlango wake ule bado ni mwembamba, tusidanganyane. Anachomwa sindano yake kila mwezi ili ule ugonjwa wa koo na magoti usirudi, daktari wa moyo anamfuatilia, na kabla ya mimba nyingine lazima wakae naye kwanza wazungumze. Siku hizi mnapiga picha ya karatasi na kuituma kwa simu, vizuri sana, lakini simu nayo haiulizi mtu amesikia nini.

Jioni ile nilipokuwa natoka, nikamkuta Balagizi kwenye ubao wetu. Alikuwa amebandika tangazo kwa mwandiko wake mzuri: "Inajulishwa kwa wote kwamba Nsimire anapumua. Mtoto pia." Nikalisoma mara mbili. Nikamuuliza ameandika saa ngapi, maana wino ulikuwa umekauka.

"Tangu asubui, maman. Kazi yetu iko hivyo. Liste zinatayarishwagwa mbili mbele ya matokeo, moja ya kufaulu, moja ya kuanguka."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya pili, imekunjwa mara nne, akaniwekea mkononi na kuifunga mikono yangu juu yake.

"Hii ya pili," akasema, "imeahirishwa."

Niliitia mfukoni mwa koti langu la kazi. Jumamosi nikaifua pamoja na koti, bila kuifungua.